RANGI YA DHAHABU YA KABURETA NA PUA YA MFANYAKAZI



Kuna watu duniani, na wengi wao ni wenye mali, wanaopenda magari ya zamani kuliko mapya. Hatuwalaumu kwa hilo. Gari lililoundwa vizuri mwaka 1957 au 1965 ni kazi ya mikono ya wafanyakazi wenzetu, na mtu akilitunza anatunza pia sifa ya waliolifanya. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini imeingia tabia moja katika mapenzi haya ambayo sisi watu wa karakana hatuwezi kuinyamazia. Ni tabia ya kutaka kabureta ya gari la kale ing'ae manjano kama siku ile ilipotoka kiwandani, bila kuuliza ni nani aliyetia mkono wake katika dawa ili ing'ae hivyo.

Mwanachama atauliza: kabureta na chama cha wafanyakazi vinahusiana wapi? Tunamjibu kwamba vinahusiana kwenye tangi la kuchovya. Mwenye gari hulitazama gari lake tu, na mwamuzi wa mashindano hutazama karatasi yake. Anayesimama juu ya tangi ni mfanyakazi, na chama kisipomtazama yeye, hakuna mwingine atakayemtazama.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana vijana wengi waliojifunza kazi juzi hawajafungua kabureta hata moja. Magari mapya hupulizia petroli kwa pampu na umeme. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kabureta, kile chombo kinachokaa juu au ubavuni mwa injini na kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia ndani kuungua. Miili ya kabureta nyingi, hasa za Marekani, ilimiminwa kwa zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo. Viwanda vilipenda zinki kwa sababu huyeyuka kwa moto mdogo, hujaa vizuri katika kalibu, na kalibu moja hutoa maelfu ya miili inayofanana.

Zinki ina ubaya mmoja. Ikikaa na unyevu huota unga mweupe, na unga ule ukiingia katika vile vitundu vyembamba vya petroli, injini hukohoa na kuzima. Kwa hiyo kiwanda kilikichovya kile chuma katika maji ya dikromati ya sodiamu yaliyotiwa asidi ya salfa kidogo. Sekunde chache zilitosha. Kilipotoka kilisuuzwa, kikakaushwa kwa joto dogo, nacho kikawa na rangi ya manjano inayocheza kijani na wekundu ukikigeuza juani. Utando ule ni mwembamba mno, sehemu moja ya elfu ya milimita au pungufu. Tena una tabia ya ajabu: ukikwaruzwa kidogo, kromi iliyobaki pembeni huyeyuka katika unyevu na kuziba ule mkwaruzo. Njia hii ilijulikana tangu miaka ya 1930, na kabureta za Holley ndizo zilizojulikana zaidi kwa manjano yake.

Angalieni neno hili, ndugu. Rangi ile haikuwekwa kuwa pambo. Meneja wa kiwanda hakutoa senti yake ili fundi wa gereji afurahishe macho. Alitaka kinga ya bei rahisi ifanyike upesi, na rangi ya dhahabu ilikuja yenyewe kwa sababu ya dawa. Pale ambapo kinga haikuhitajika, hakuna aliyechovya. Kampuni ya Carter ilipotoa kabureta yake ya AFB mwaka 1957, iliimimina kwa aluminiamu, na mwili ule uliachwa na uso wake wa kijivu. Vijiti, mikono na skrubu za chuma vilichovywa zinki au kadimiamu ili visishike kutu. Jeti za shaba hazikupakwa kitu. Kila kipande kilipewa kile kilichokihitaji na hakikuongezwa zaidi.

Sasa tuseme habari ya dawa yenyewe. Kromi zipo mbili zinazotuhusu. Moja ni kali, wataalamu huiita kromi sita, nayo ndiyo iliyomo katika dikromati. Ya pili ni ndugu yake mpole, huitwa kromi tatu. Ile kali hula ngozi. Ikiingia katika mkwaruzo mdogo wa kidole hufanya kidonda chenye shimo kisichopona upesi. Ikivutwa puani, siku baada ya siku, hutoboa ukuta wa katikati ya pua, mara nyingi mtu asisikie maumivu mpaka tundu limekwisha kupita. Ikifika mapafuni huleta kansa.

Asije mtu akatuambia kwamba haya yamejulikana juzi. Mwaka 1890 daktari mmoja katika Scotland alikwisha andika habari ya kansa ya pua ya mtu aliyefanya kazi na rangi za kromi. Mwaka 1928 idara ya afya ya Marekani ilitangaza uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa kuchovya kromi na pua zao. Mwaka 1931 Serikali ya Uingereza ilitunga kanuni maalum za kazi hiyo, ikaamuru mikono na pua za wafanyakazi zikaguliwe. Mwaka 1948 madaktari wa Marekani walionyesha kansa ya mapafu kwa watu wa viwanda vinavyotengeneza kromati. Na sisi watu wa reli tusifikiri tuko mbali: mwaka 1951 jarida la madaktari wa Marekani lilieleza habari ya wafanyakazi wa reli waliougua ngozi kwa sababu ya kromati iliyotiwa katika maji ya kupozea injini za dizeli, ili mabomba yasishike kutu. Kutu ilizuiwa katika bomba, na ugonjwa ukashika mkono wa fundi.

Basi kabureta nyingi ambazo matajiri wa leo wanazililia zilichovywa baada ya hayo yote kujulikana. Waliojua walijua. Ila aliyejua hakuwa ndiye aliyechovya.

Sikilizeni tena jinsi sheria inavyotembea polepole pale anayeumia akiwa ni mfanyakazi. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa liliiweka kromi sita katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kuleta kansa kwa binadamu. Mwaka 1993 chama cha wafanyakazi wa mafuta, kemikali na atomiki cha Marekani, pamoja na kundi la raia liitwalo Public Citizen, viliiomba Serikali ipunguze kipimo kilichoruhusiwa katika hewa ya kazini. Kipimo kilikuwa maikrogramu 52 katika mita moja ya ujazo. Wao waliomba nusu ya maikrogramu moja. Serikali ikasema ngoja. Wakaenda mahakamani, wakangoja tena. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ikaamuru sheria itungwe, na mwaka 2006 ikatungwa: maikrogramu 5. Miaka 13 kutoka ombi mpaka sheria, na kilichopatikana kilikuwa mara kumi ya kilichoombwa. Hata Serikali yenyewe ilikiri kwamba kwa kipimo hicho kipya hatari kubwa ya kansa ingebaki. Hayo ni Marekani, penye magazeti na mawakili. Fikirini penye tangi lililofichwa nyuma ya duka.

Viwanda vikubwa vya magari vimekwisha kuacha njia ile katika nchi za Ulaya. Sheria ya mwaka 2000 ya Umoja wa Ulaya juu ya magari iliiondoa kromi sita katika kinga za kutu za magari mapya, na muda wa mwisho ulikuwa mwaka 2007, kwa baadhi ya boliti na nati mwaka 2008. Tangu Septemba 2017 dikromati ya sodiamu haitumiwi huko ila kwa kibali maalum. Basi gari jipya lisiloyaogopa maji ya mvua limeweza kukaa bila kromi kali. Ni gari la maonyesho, linalofunikwa kwa shuka na kusukumwa juani mara chache kwa mwaka, ndilo linaloambiwa haliwezi!

Nani anasema haliwezi? Ni karatasi ya alama. Mashindano ya magari mazuri ni ya siku nyingi. Yale ya Pebble Beach katika California yalianza mwaka 1950. Baadaye vikaja vyama vya gari la namna moja, kama chama cha Corvette kiitwacho NCRS kilichoanzishwa mwaka 1974, ambako kipimo cha mwamuzi ni jinsi gari lilivyotoka kiwandani, mpaka namba na uso wa vipande vya injini. Wenyewe husema kung'arisha kupita kiwanda ni kosa kama kuharibu. Hilo ni neno la haki, nasi tunalikubali. Lakini mwenye gari anayetaka alama hatulii. Kabureta yake imepoteza manjano kwa joto na petroli ya miaka 60, naye huituma ikavuliwe na kuchovywa upya.

Hapo ndipo tunapomshika kwa maneno yake mwenyewe. Ili kabureta ichovywe upya ni lazima kwanza ule utando wa zamani uondolewe wote, kwa asidi au kwa kupigwa shanga ndogo za kioo. Yaani, kwa ajili ya kupata uso wa asili, anaanza kwa kuufuta uso wa asili. Utando uliowekwa na mfanyakazi wa mwaka 1965, uliodumu miaka yote hiyo, unakwenda na maji machafu. Mahali pake unawekwa wa mfanyakazi wa leo, na wa pili unaitwa wa asili. Kama huo ndio uasili, basi hata sisi tukivaa kofia mpya tutaitwa wazee wetu.

Tena wapo wanaozidisha. Wanachukua AFB ya aluminiamu, ambayo uso wake ulikuwa wa kijivu, wanaipaka manjano kwa kuwa wamezoea kudhani dhahabu ni heshima. Hiyo si historia. Ni kaburi lililopakwa chokaa.

Mgala muue na haki yake umpe. Tuwasikilize wapinzani wetu, kwa kuwa wana maneno matatu.

La kwanza, wanasema utando ule ni mwembamba na mtu akiishika kabureta kwa mkono hadhuriki. Kwa mwenye gari anayeitazama jioni moja kwa mwezi, maneno hayo yana ukweli mwingi. Lakini hatuzungumzi juu yake. Tunazungumza juu ya anayefungua gunia la dikromati na kumimina unga wake, anayechovya na kutoa mara mia kwa siku, anayepigwa na matone, anayesugua sehemu ya chini ya tangi. Tunakubali pia kwamba tangi la kuchovya tu halitoi mvuke mwingi kama tangi la kromi la umeme. Hata hivyo unga ni ule ule, ngozi ni ile ile, na maji ya kusuuzia hubeba sumu ile ile mpaka mferejini kama hakuna aliyeyatia dawa ya kuigeuza kromi kali kuwa ile pole.

La pili, wanasema kromi tatu haitoi rangi sawasawa, kwamba manjano yake ni ya kutiwa rangi na mwenye jicho kali huitambua. Huenda. Na aitambue! Mwamuzi akiandika katika karatasi yake kwamba kipande hiki kimechovywa upya kwa njia isiyodhuru, atakuwa ameandika kweli. Alama moja ya gari na tundu la pua ya mtu havipimwi katika mizani moja.

La tatu ndilo zito kwetu, kwa sababu linasemwa na wafanyakazi wenyewe. Wanasema: mkitupiga marufuku tangi, tutakula nini? Ndugu, hakuna aliyesema kazi ife. Kazi ya kuchovya kwa kromi tatu ni kazi. Kazi ya kuisafisha kabureta bila kuivua uso wake ni ufundi mkubwa kuliko kuitumbukiza katika asidi, na yastahili malipo makubwa zaidi. Mwenye kutoa maelfu ya dola kwa gari hashindwi kumlipa fundi saa zake. Kinachomshinda ni kulipa pale ambapo hakuna anayemdai.

Jambo hili halipingani hata na wakubwa wa magari ya kale wenyewe. Shirika lao la dunia, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lilikubali mwaka 2012 Hati ya Turin, inayotanguliza kuhifadhi kuliko kufanya upya. Basi tunawaomba wafuate waliyoandika.

Na hapa kwetu? Magari ya namna hii yapo, na tangu mwaka 2003 mbio za East African Safari Classic zimeyaleta mengine yakatimua vumbi barabarani. Mafundi wetu hushika kabureta hizi, wa gereji kubwa na wa jua kali. Kwa hiyo shikeni haya yafuatayo.

1. Skrubu au mkono wa chuma wa kabureta ya zamani ukiwa na rangi ya fedha au manjano, usiupige moto wa gesi wala kuusaga kwa mashine bila kujua ni nini. Huenda ni kadimiamu. Moshi wake unaweza kumwua mtu siku chache baada ya kuuvuta, nayo pia imo katika kundi la kwanza la vitu vya kansa tangu mwaka 1993.

2. Tangi la kadimiamu mara nyingi huwa na sayanaidi. Likichanganyika na asidi hutoa hewa ya kuua. Matangi hayo yasikae jirani, wala maji yake yasimwagwe katika mfereji mmoja.

3. Penye dikromati, dai glavu zisizopenya, kinga ya macho, feni ya kuvuta hewa kutoka ukingoni mwa tangi, na maji safi ya kunawa. Usile wala kuvuta sigara hapo. Mwenye kidonda mkononi asichovye.

4. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kazi atoe vyombo vya kujikinga. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amjulishe msimamizi wake, wala haruhusiwi msimamizi kumrudisha mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kama kamati haipo kwenu, mwambieni katibu wa tawi wiki hii, msingoje mkutano mkuu.

5. Mteja akileta kabureta na kusema, nataka manjano ya kiwandani, mwambieni kwanza: uso huu ulionao ndio wa kiwandani. Tutausafisha. Akikataa, mwambieni bei ya njia salama. Akitaka njia ya rahisi, arudi na kabureta yake.

Kwa waamuzi na wenye vyama vya magari tunadai mambo mawili tu. Uso wa zamani uliofifia kwa haki upewe alama kuliko uso mpya. Na kromi tatu ikubaliwe bila kukatwa alama hata moja. Hayo hayawagharimu senti. Yanahitaji kalamu na mstari mmoja katika kitabu cha kanuni.

Mfanyakazi wa St. Louis au Detroit aliyechovya kabureta zile hakuandikwa jina lake popote. Namba ya kipande imepigwa muhuri juu ya chuma, na watu huisoma kwa kioo cha kukuza, lakini namba ya mtu ilikuwa kwenye kadi ya saa iliyotupwa zamani. Alama pekee aliyoiacha ni ule utando wa manjano uliochoka. Anayeuvua ili apate wa kung'aa anamfuta mtu yule mara ya pili, na anamtia mwingine katika dawa ile ile iliyomla wa kwanza.

Sisi hatuhesabu hayo kuwa heshima kwa kazi. Kabureta ya kale iachwe na uso wake, na anayeishika arudi nyumbani jioni na pua yake nzima.

Umoja ni nguvu.